D4, GDI, TSI: mwongozo kamili wa kupunguza ulaji wa mafuta na moshi bila kung'oa injini

Ukiwa na Noah ya D4 (injini inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, GDI na TSI ni majina mengine ya aina hiyo hiyo) lazima ushawahi kuambiwa "bosi hiyo injini toa tu, funga ya kawaida upumzike". Mimi nimeambiwa na mafundi watatu kwa nyakati tofauti. Wakati huo gari yangu ilikuwa inakwenda kilomita 7.4 kwa lita na ukuta wa nyuma ya ninapopaki ulikuwa na duara jeusi la masizi usawa wa egzosi, kila asubuhi nikiwasha linakolea. Sikuitoa injini. Ilinichukua miezi kama minne kuelewa tatizo nini na sa hivi inakwenda karibu kilomita 9.9 kwa lita, foleni ya Dar ile ile, dereva yule yule. Nayaandika hapa yote kwa mpangilio nilioufuata, mana mpangilio wenyewe ni nusu ya kazi, ukianzia mwisho unamaliza hela.

Kwanza uelewe injini yako inafanya nini

Kwenye injini ya kawaida nozeli inapulizia petroli kwenye bomba la hewa nyuma ya vali, presha ni kama bar 3 au 4, petroli inachanganyika na hewa alafu vinaingia pamoja. Kwenye hizi za kwetu nozeli imeingizwa ndani ya silinda kabisa, kama dizeli, na presha inapanda sana. Mitsubishi walipotoa Galant ya GDI mwaka 1996 walikuwa kwenye bar 50 hivi, Toyota D4 kama 1AZ-FSE iliyopo kwenye Noah ya zamani inapita bar 80, na gari za sasa zinafika 200 mpaka 350. Ndo mana kuna pampu mbili, moja ndani ya tenki na nyingine ya presha kubwa juu ya injini inayosukumwa na kemshafti.

Faida yake ni ya kweli kabisa. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya silinda inapoza hewa, hewa ikipoa injini haigongi haraka, kwaiyo kiwanda kinaweza kuongeza kompresheni na ukapata nguvu zaidi kwa mafuta yale yale. Mazda kwenye Skyactiv-G wamefika mpaka 14 kwa 1. Na zile GDI na D4 za mwanzo zilikuwa na ujanja wa ziada: ukitembea taratibu petroli inakusanywa kidogo tu karibu na plagi na sehemu nyingine ya silinda inabaki hewa tupu, mpaka hewa gramu 40 kwa petroli gramu 1 wakati injini ya kawaida inataka 14.7.

Hasara yake pia ni ya kweli na ipo sehemu mbili. Ya kwanza masizi. Petroli ina muda mfupi sana wa kugeuka mvuke, ikigonga kichwa cha pistoni au ukuta wa silinda ikiwa bado majimaji inaungua vibaya kama kibatari, inatoa chembe ndogo ndogo sana ambazo huzioni hewani ila zinaingia ndani kabisa ya mapafu. Ulaya waliona hili wakaweka kikomo cha idadi ya chembe kwa injini hizi, tangu Septemba 2017 kwa modeli mpya, na Septemba 2018 kwa gari zote mpya, haitakiwi kuzidi bilioni 600 kwa kilomita, na ndo sababu gari nyingi za kule siku hizi zina chujio la masizi kwenye egzosi kama dizeli. Ya pili ni vali za hewa, kwa sababu petroli haipiti tena juu yake haziogeshwi, mvuke wa oili na moshi unaorudishwa na EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa egzosi kwenye injini) vinagandia pale mpaka vali inakuwa kama mwiko wa ugali ambao haujaoshwa.

Sasa weka hiki kichwani mana kila kitu hapo chini kinarudi hapa: petroli inayogonga chuma kilicho baridi ndo inayotoa masizi, ndo inayoshuka kwenye oili, na ndo hiyo hiyo unayoilipia bure. Moshi na ulaji wa mafuta kwenye injini hizi ni ugonjwa mmoja.

Hatua ya 1: hakikisha ni injini gani

Usiamini kava la juu, makava yanabadilishwa. Soma kibati cha gari kwenye chumba cha injini, kwa Toyota ukiona kodi ya injini inaishia FSE (1AZ-FSE, 3S-FSE, 1JZ-FSE) hiyo ni D4, ikiishia FE ni nozeli ya kawaida. Nissan za zamani waliandika NEO Di, injini kama QG18DD na VQ25DD. Mitsubishi kama Pajero iO zimeandikwa GDI. Volkswagen ni FSI na TSI, Mercedes zipo za CGI. Baadhi ya Toyota na Lexus zina D-4S, hizo zina nozeli za aina zote mbili, ndani na nje, zikaja kutibu tatizo la vali. Ukiwa unanunua gari ukapata yenye D-4S ichukue hiyo.

Hatua ya 2: pima kabla hujagusa kitu

Watu wengi wanasema gari inakula mafuta kwa kuangalia mshale au hela aliyoweka. Hiyo sio kupima. Nenda sheli moja, pampu ile ile, jaza mpaka ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Rudisha tripu sifuri. Tembea mizunguko yako ya kawaida isipungue kilomita 300, rudi pale pale ujaze mpaka ijikate. Gawa kilomita kwa lita. Mimi mara ya kwanza ilikuwa kilomita 306 kwa lita 41.3, sawa na 7.4. Fanya mara mbili au tatu upate wastani mana mara moja inadanganya.

Kama umebadilisha saizi ya tairi linganisha kwanza odomita na GPS ya simu kwa kilomita 20 hivi barabara kuu, tairi kubwa inafanya odomita isome pungufu, utadhani gari inakula kumbe umetembea zaidi.

Na hiyo namba ya kilomita kwa lita ndo kipimo chako cha moshi wa kabonidayoksaidi, huhitaji mashine. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3. Kwaiyo 7.4 ni kama gramu 310 kila kilomita na 9.9 ni kama gramu 232. Kwa mtu anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka hiyo tofauti ni lita zaidi ya 500, piga mwenyewe kwa bei ya sheli ya leo. Usilinganishe na ile namba ya kilomita kwa lita inayotangazwa Japan, vipimo vyao vya zamani vilifanyika maabara gari ikiwa imeshapata moto, barabarani hakuna anayeipata.

Hatua ya 3: egzosi, oili na plagi, asubuhi injini ikiwa baridi

Hii ni bure kabisa na inasema mengi. Futa ndani ya bomba la egzosi kwa kitambaa cheupe. Injini hizi kuwa na masizi kidogo ni kawaida ila yakiwa mazito, makavu na yanarudi ndani ya wiki moja, injini inaunguza mafuta mengi kupita kiasi. Yakiwa na unyevu wa grisi hiyo ni oili, mambo mengine hayo.

Alafu vuta dipstiki. Kiwango kimepanda juu ya ulipojaza? Nusa, kama inanukia petroli tatizo ni kubwa kuliko ulivyofikiri, petroli inaingia kwenye oili ama kupitia pete za pistoni kwa sababu injini haipati moto, ama pampu ya presha kubwa imechoka sili inamwagia petroli ndani. Yangu ilikuwa imepanda kama nusu sentimita juu ya alama. Fundi aliyeiona akasema "afadhali, haili oili". Kumbe oili ilikuwa inaliwa kama kawaida ila petroli ndo inajazia!! Oili ya hivo ni nyepesi haishiki chuma, inasaga injini.

Toa plagi, zipange kwa mpangilio wa silinda. Nyeusi kavu zote nne maana yake tatizo la jumla, nyeusi moja tu maana yake nozeli au koili ya silinda hiyo.

Hatua ya 4: thamostati, na hapa naomba usome taratibu

Kwetu huku kuna tabia gari ikichemsha mara moja fundi anatoa thamostati (ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) anaitupa, anasema nchi ya joto haihitaji. Yangu ilitolewa kabla sijainunua, au kwenye gereji fulani niliyoipeleka mwanzoni, sikuwahi kujua. Bila thamostati maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini inatembea kwenye nyuzi 60 au 65 hasa usiku na barabara kuu, mshale kwenye dashibodi unaonekana sawa tu mana mshale ule umetengenezwa ukae katikati kwa nafasi kubwa. Kompyuta ikiona maji ya baridi inadhani injini bado inapasha, inaongeza petroli, haiingii kabisa kwenye ule mwendo wa kubana mafuta, na petroli inagonga pistoni baridi. Kwenye injini ya kawaida hii ni hasara ndogo. Kwenye D4 ndo mwanzo wa kila kitu: masizi, oili kujaa petroli, vali kuganda, plagi kufa.

Nunua kile kidude cha OBD2 cha bluetooth, ELM327, kinachochomekwa kwenye soketi ya kusomea kompyuta ya gari, weka programu kama Torque kwenye simu uangalie joto la maji wakati unatembea. Baada ya dakika kumi hivi inatakiwa iwe kati ya 82 na 95 na ibaki hapo. Ikicheza 65, fungua nyumba ya thamostati uone kama kuna kitu ndani. Gari za Japan za miaka ya 2000 mwanzoni nyingi hazisomeki na kidude cha kawaida mana zina lugha yao, itabidi uende kwa fundi umeme mwenye mashine ya Toyota, hela kidogo tu. Kwangu kurudisha thamostati ya sawasawa na kumwaga oili peke yake kulinipandisha kutoka 7.4 mpaka 8.6.

Kama gari ilikuwa inachemsha kweli, tibu kilichokuwa kinachemsha, rejeta, feni, wota pampu, mfuniko. Usirudi kutoa thamostati.

Hatua ya 5: soma mizani ya mafuta kwenye kompyuta

Ukiwa bado na kidude, tafuta namba inayoitwa LTFT. Hiyo ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa kudumu kulingana na inachonusa oksijeni sensa. Ikiwa kati ya kujumlisha 10 na kutoa 10 usisumbuke, karibu na sifuri ndo vizuri. Ikipita kujumlisha 10 kuna hewa inaingia bila kupimwa, mpira umepasuka, au presha ya mafuta iko chini, au sensa ya hewa chafu. Ikipita kutoa 10 kuna petroli ya ziada inatoka mahali, nozeli inavuja, au ule mvuke wa petroli uliopo kwenye oili unanyonywa na injini kupitia vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini). Jaribio zuri: mwaga oili weka mpya, angalia namba kesho yake, ikiruka kurudi karibu na sifuri basi petroli ilikuwa inatoka kwenye oili, sio nozeli. Hii imeniokoa nisinunue nozeli nne.

Kodi za hitilafu za kuziheshimu: P0087 presha ya reli (bomba linalogawa petroli kwenye nozeli) iko chini, P0171 mafuta machache, P0172 mafuta mengi, P0300 mpaka P0304 gari inamisi (silinda inaruka kuwaka), P0420 masega (katalaiza ya egzosi inayopunguza sumu) yamechoka.

Hatua ya 6: oili

Kilomita 5,000, sio 10,000, hata kama chupa imeandikwa, mana safari zetu ni fupi na foleni ni ndefu. Tumia unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, 5W-30 kwa nyingi. Wanaoweka 20W-50 wakidhani inaziba, inachelewa kufika juu asubuhi na inaongeza ulaji. Kwa gari zenye tabo (turbo) kama TSI tafuta chupa iliyoandikwa API SP, kiwango hicho kilitoka 2020 na kimezingatia ule mlipuko wa kabla ya wakati unaovunja pistoni za injini ndogo za tabo ukikanyaga sana resi ikiwa chini. Yenye chujio la masizi kwenye egzosi inataka oili yenye majivu kidogo, fuata namba ya kiwanda, usibahatishe.

Na vali ya PCV badilisha, ni bei ndogo kuliko lita ya oili.

Hatua ya 7: petroli yenyewe

Fungua kifuniko cha tenki usome stika. Gari ya Japan iliyoandikiwa regula inataka oktani 89 kwenda juu, ya premiamu inataka 96 kwenda juu. Kuweka premiamu kwenye gari ya regula hakuongezi kilomita, weka hiyo hela kwenye oili. Kinyume chake, ukiweka regula kwenye gari ya premiamu, kompyuta inarudisha nyuma mlipuko ili isigonge, unapoteza nguvu na unakanyaga zaidi.

Uchakachuaji ndo adui hasa. Mafuta ya taa ndani ya petroli yanashusha oktani, hayageuki mvuke kirahisi, kwaiyo yanagonga pistoni yakiwa majimaji, na tumeshaona matokeo yake. Hapa Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010 na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, hali ikawa nafuu, ila petroli ya kwenye madumu njiani bado kaa nayo mbali kabisa kama una pampu ya presha kubwa.

Salfa nayo, zile D4 za mwanzo zinazobana mafuta sana zinatoa oksidi za naitrojeni nyingi, ndo mana ziliwekewa masega maalum ya kuzinasa, na masega hayo salfa inayaua. Japan wana petroli ya salfa 10 ppm (sehemu 10 kwa milioni). Huku kwetu usitegemee yawe yamebaki mazima kwenye gari ya zamani.

Hatua ya 8: kusafisha vali

Dawa za kumwaga kwenye tenki haziwezi kusafisha vali za hewa kwenye injini hii, petroli haipiti pale! Zinaweza kusaidia ncha ya nozeli, hasa zenye kiambato kinaitwa PEA, basi. Za kupulizia kwenye bomba la hewa injini ikiwa inaunguruma mimi siziamini, zinalainisha juu juu na kipande kikubwa kikibanduka kinaweza kwenda kuumiza tabo au masega.

Njia ya kweli ni kutoa manifoldi ya hewa. Zungusha injini kwa mkono mpaka vali za silinda unayofanyia kazi zifunge kabisa, hapa ndo pa kuwa makini mana uchafu ukiingia ndani umeua. Kama fundi ana mashine ya kupulizia maganda ya jozi yaliyosagwa ndo bora, ni magumu kwa kaboni ila hayakwaruzi chuma, na mabaki yakibaki kidogo yanaungua. Usikubali mchanga hata kidogo. Kama hana, lowesha na kabureta klina dakika ishirini, sugua na brashi ya plastiki, nyonya na vakyumu, rudia mpaka uone chuma. Gasketi mpya. EGR na throto bodi visafishwe siku hiyo hiyo. Ni kazi ya nusu siku mpaka siku nzima na mimi naangalia kila kilomita 60,000. Yangu iliacha kutetemeka kwenye sailensi siku ile ile na ikapanda mpaka 9.3.

Hatua ya 9: nozeli na pampu, mwisho sio mwanzo

Mafundi wengi wanaanzia hapa kwa sababu ndo ghali. Usifungue bomba la presha kubwa injini ikiwa imetoka kuzimwa, petroli ya bar 80 inapenya ngozi na inawaka. Nozeli zikitolewa lazima sili zake ndogo za tefloni ziwe mpya, ukirudishia za zamani moto wa silinda unavuja. Zipimwe kwenye mashine zikipuliza, fundi akuonyeshe kwa macho, sio akwambie. Kwangu moja kati ya nne ilikuwa inadondosha, plagi yake ndo ilikuwa nyeusi kuliko zote.

Plagi weka za iridiamu za namba ya kitabu, feki zimejaa, nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa.

Hatua ya 10: masega na oksijeni sensa

Usiuze masega. Wanaokuja kununua wanataka madini yaliyomo ndani, wewe unabaki na gari inayotoa sumu yote nje, kaboni monoksaidi inaweza kuingia hadi ndani ya gari kama egzosi imetoboka. Kilichoua masega mara nyingi ni misi iliyoachwa muda mrefu, kwaiyo tibu misi kwanza. Oksijeni sensa ya mbele ikichoka inajibu polepole na kompyuta inakisia, ukifika kilomita 150,000 na hujawahi kuibadilisha iweke kwenye orodha.

Ukipata mashine ya kupimia moshi ya gesi nne, Uingereza kwenye ukaguzi wao wanataka injini ikiwa na moto na resi imepandishwa kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.2, haidrokaboni isizidi 200 ppm, na lamda (uwiano wa hewa na petroli, 1 ndo sawasawa) iwe kati ya 0.97 na 1.03. Ni kipimo kizuri cha kujipima hata kama hapa hakuna anayekudai.

Kuendesha

Asubuhi usikae dakika kumi unapasha, injini inapata moto polepole na hicho ndo kipindi cha masizi mengi. Washa, subiri nusu dakika, ondoka taratibu bila kupita resi 2,500 mpaka maji yafike 80. Unganisha safari, kwenda sokoni kilomita moja, kurudi, kuzima, kwenda tena, ni mara tatu ya baridi. Na kama wiki nzima ni foleni tu, wikiendi ipeleke barabara kuu nusu saa mfululizo, petroli iliyopo kwenye oili inageuka mvuke na kutoka. Upepo wa tairi soma stika ya mlango wa dereva, 220 kPa ni psi 32, sio anavyokisia kijana wa upepo.

Kisha rudi pampu ile ile upime tena. Yangu ya mwisho ilikuwa kilomita 382 kwa lita 38.6. Pima baada ya kila hatua, sio baada ya zote, la sivyo hutajua kipi kilifanya kazi na ikirudi kuharibika utaanza upya. Kama umepita zote na namba haisogei, pima kompresheni ya silinda zote, ikiwa moja iko chini sana kuliko wenzake mwagia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda ni pete, isipopanda ni vali, na hapo ndo mazungumzo ya kufungua injini yanaanza, ukiwa na sababu mkononi.